Bomba Likikohoa, Usilitoboe

Huenda jambo hili limekwisha kutokea kijijini kwako. Chemchemi mlimani ina maji. Tangi limejaa. Bomba halikupasuka mahali popote. Lakini ukifungua kilula, maji hayatoki. Kilula kinakohoa. Kinatoa upepo, kisha matone mawili matatu, kisha kinanyamaza.

Hapo watu huanza kulaumiana. Mmoja husema chemchemi imekauka. Mwingine husema watu wa kitongoji cha juu wamefunga maji. Wa tatu husema kamati imekula fedha. Ugomvi ukiendelea, akina mama na watoto huchukua ndoo na kurudi mtoni.

Mara nyingi mwenye kosa si mtu. Ni hewa. Hewa imenaswa ndani ya bomba na imewazibia maji njia. Leo tutajifunza jinsi hewa inavyonaswa, jinsi ya kuitoa, na jinsi ya kulinda afya zetu wakati kazi hiyo inafanyika.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA

Unaweza kuuliza: "Mambo ya bomba ni ya fundi. Yameingiaje kwenye ukurasa wa afya?"

Fikiri hivi. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipanga kwamba kilula kimoja kihudumie watu 250, na kwamba kila mtu apate lita 25 kwa siku. Zidisha 250 kwa 25. Utapata lita 6,250. Kilula kimoja kikinyamaza kwa siku moja, watu 250 wanazitafuta lita hizo mahali pengine. Watazipata wapi? Watazipata mtoni, kwenye lambo la ng'ombe, au kwenye kisima kisichofunikwa. Huko ndiko kuna vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo. Na anayeingia kwa miguu kwenye maji yenye konokono wa kichocho aweza kurudi nyumbani na kichocho.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mahali pa kuteka maji. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1971, Serikali ilikuwa imeanza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake. Mwaka 1991 ulifika vijiji vingi vikiwa bado havijayapata. Tena miradi mingine ilijengwa, lakini ikanyamaza kwa kukosa matunzo. Tunajifunza nini? Kujenga bomba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulitunza.

HEWA NI KITU

Hewa haionekani kwa macho. Kwa hiyo wengi hudhani bomba lisilo na maji ni tupu. Si kweli. Bomba hilo limejaa hewa. Fanya jaribio hili pamoja na wenzako.

Chukua ndoo ya maji na kikombe kikavu. Kunja karatasi ndogo, uibane vizuri ndani ya kikombe, chini kabisa. Sasa kipindue kikombe, mdomo uelekee chini. Kizamishe wima mpaka kimezama chote. Kisha kitoe wima hivyo hivyo, uitazame karatasi. Ni kavu. Maji hayakuifikia kwa sababu kikombe kilikuwa kimejaa hewa.

Kizamishe mara ya pili. Safari hii kiinamishe upande kidogo. Utaona povu kubwa likipanda juu, na papo hapo maji yanaingia kikombeni.

Somo ni hili: hewa ikikosa mlango wa kutokea, maji hayapati nafasi ya kuingia. Hewa ikipata mlango, maji hupita. Na mlango huo sharti uwe juu, kwa sababu hewa ni nyepesi kuliko maji. Sikuzote hukimbilia mahali palipoinuka.

JINSI HEWA INAVYONASWA

Katika vijiji vingi vya milimani, kama vile Upare, Usambara, Uluguru na Njombe, maji huja kwa mserereko. Hakuna mashine wala mafuta. Chemchemi iko juu, kijiji kiko chini, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe.

Lakini ardhi haishuki moja kwa moja. Bomba hushuka bondeni, hupanda kilima kidogo, halafu hushuka tena. Maji yanapoingia katika bomba lililokuwa kavu, hupanda mpaka kilele cha kilima hicho. Kisha huchuruzika upande wa pili bila kulijaza bomba, kama maji ya mvua katika mfereji. Yakifika bonde la pili yanatuama na kulijaza bomba. Sasa hewa iliyo kati ya kilele na bonde imefungwa. Nyuma yake kuna maji, na mbele yake kuna maji. Haina pa kutokea.

Maji yaliyojaza bomba la mteremko husukuma kwa uzito wake. Hewa haina uzito wa kusukuma. Kwa hiyo mteremko uliojaa hewa hautusaidii kitu. Umepotea.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Tuseme tangi liko mita 12 juu kuliko kilula. Njiani kuna vilima vitatu. Hewa iliyonaswa kwenye kilima cha kwanza imepoteza mteremko wa mita 5. Kwenye kilima cha pili imepoteza mita 4. Kwenye kilima cha tatu imepoteza mita 4.

5 + 4 + 4 = 13.

Tulikuwa na mita 12 za msukumo. Hewa imeondoa 13. Maji hayatafika, hata tangi likiwa limejaa mpaka linafurika.

Sasa toa hewa kwenye kilima kimoja tu, kile cha tatu. Zimebaki mita 9 zilizopotea. 12 toa 9 ni 3. Maji yataanza kutoka, lakini yatakuwa membamba. Toa hewa ya vilima vyote, na kilula kitapata msukumo wake wote. Kwa hiyo maji membamba yasiwafanye mridhike. Huenda bado kuna hewa njiani.

HEWA HUINGIAJE?

Huingia kwa njia hizi:

1. Bomba lilipasuka au lilifunguliwa kwa matengenezo. Maji yakamwagika, hewa ikachukua nafasi yake.

2. Tangi liliachwa likaisha. Maji yakishuka karibu na mdomo wa bomba la kutokea, bomba huvuta maji pamoja na hewa.

3. Bomba lilijazwa kwa haraka. Hewa haikupewa muda wa kutoka.

4. Kiungo kimelegea. Kinapokuwa mahali pa juu penye msukumo mdogo, bomba laweza kuvuta hewa kutoka nje.

5. Maji yenyewe hubeba hewa kidogo. Hewa hiyo hujitenga polepole na kukusanyika kwenye vilele.

JE, NI HEWA KWELI?

Kabla ya kulaumu hewa, kagua mambo haya. Je, chemchemi ina maji? Je, chujio halikuzibwa na majani? Je, tangi limejaa? Je, valvu zote ziko wazi? Tembea kwa miguu kando ya bomba lote. Ukiona mahali penye tope wakati wa kiangazi, au majani mabichi peke yake katikati ya makavu, huenda bomba linavuja hapo.

Kama hayo yote ni mazuri, tazama dalili za hewa. Kilula hukohoa na kutema. Vilula vilivyo kabla ya kilima vinatoa maji, vilivyo baada ya kilima havitoi. Tena mambo haya yalianza baada ya matengenezo au baada ya tangi kukauka.

Pengine maji hutoka yakiwa meupe kama yametiwa maziwa. Usiogope. Yateke kwenye glasi, uyaache yatulie. Kama weupe unaondoka kuanzia chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu, haidhuru. Lakini kama kuna kitu kinashuka na kutulia chini, huo ni uchafu.

MAMBO MATATU YASIYOFAA

La kwanza, usitoboe bomba. Watu wengine hupanda kwenye kilele, hutoboa bomba kwa msumari wa moto, hewa hutoka, halafu huziba tundu kwa kijiti na kamba ya mpira. Kweli, maji hupita siku hiyo. Lakini tundu lile halikuzibwa. Maji yakiwa na nguvu, yanavuja nje. Maji yakikatika, bomba hunyonya. Linanyonya tope, kinyesi cha ng'ombe, na maji ya mvua yaliyopita kwenye vyoo. Kesho uchafu huo utakuwa kwenye kikombe cha mtoto aliye chini ya mlima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la msumari laweza kuleta maradhi kijiji kizima.

La pili, usinyonye bomba kwa mdomo. Utameza maji machafu yaliyokaa bombani, na mdomo wako wenyewe utachafua kilula. Tena nguvu za mapafu ni kidogo mno kwa kazi hiyo.

La tatu, usikate bomba ili uteke maji njiani. Ukikata, unaingiza hewa nyingine, na wenzako wa mbele wanakosa kabisa.

JINSI YA KUTOA HEWA

Kazi hii iongozwe na fundi wa bomba na chombo kinachosimamia maji kijijini. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini Tanzania Bara yamo chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Fundi akishindwa, habari ipelekwe ofisi ya RUWASA ya wilaya. Lakini wananchi sharti waielewe kazi, ili wasaidie wala wasiivuruge. Hatua ni hizi:

1. Tangazeni siku ya kazi mapema. Kila nyumba iweke akiba ya maji.

2. Acheni tangi lijae. Hewa haitoki vizuri kama maji ni haba.

3. Fungeni valvu ya kutokea tangini. Kisha fungueni valvu zote za hewa zilizo kwenye vilele, na vilula vyote. Wekeni mtu mzima kwenye kila kimoja. Watoto wakae mbali, na mtu asiinamishe uso juu ya valvu. Hewa iliyobanwa yaweza kurusha maji na mchanga kwa nguvu.

4. Fungueni valvu za kusafishia zilizo mabondeni.

5. Fungueni valvu ya tangi kidogo tu, kama robo. Msiharakishe. Maji yaende polepole, hewa itangulie mbele yake.

6. Maji yakifika kwenye valvu ya bondeni, yatatoa tope kwanza. Yakitoka meupe, fungeni valvu hiyo.

7. Nendeni kwenye kilele kinachofuata. Valvu ya hewa itapiga mluzi, kisha itakohoa, kisha itatema. Ngojeni. Maji yakitoka mfululizo kwa unene mmoja, bila kukohoa, ifungeni polepole.

8. Endeleeni hivyo kutoka tangini mpaka kilula cha mwisho, bila kuruka hata kimoja.

9. Mwisho, fungueni valvu ya tangi yote, polepole.

Kama maji bado ni membamba, fungeni vilula vyote isipokuwa kile kilicho chini kabisa. Hicho kifungueni wazi. Maji yote yakipita njia moja hukimbia kwa nguvu na kuiburuta hewa iliyobaki. Huenda mkalazimika kurudia mara kadhaa.

Kumbukeni: msifunge valvu kwa ghafla. Maji mengi yakisimamishwa mara moja hulipiga bomba kama nyundo, na bomba laweza kupasuka.

Je, kama kilele hakina valvu ya hewa? Fundi aweza kulegeza kiungo cha bomba mahali hapo. Kwanza achimbe shimo pana lililo chini kuliko bomba, ili tope lisiingie ndani. Akisafishe kiungo kabla ya kukigusa. Akimaliza, akikaze vizuri. Lakini dawa ya kudumu ni kuweka valvu.

BOMBA LA NYUMBANI

Nyumba nyingine zina tangi la plastiki juu ya kichanja. Tangi likiisha na kujazwa tena, mara nyingine koki moja hukataa kutoa maji. Ni hewa ile ile.

Jaza tangi kwanza. Fungua koki zote, uanze na iliyo chini kabisa. Iache iende kwa nguvu dakika chache, kisha funga moja moja. Kama koki moja bado imekataa, tafuta mahali bomba lake linapopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Mwambie fundi alinyooshe, lishuke moja kwa moja kutoka tangini. Mgongo huo ukibaki, hewa itarudi kila tangi linapoisha.

Na jambo moja la afya. Ukijaza ndoo au karai kwa mpira, usiache ncha ya mpira imezama ndani ya maji. Msukumo wa bomba ukipungua, mpira waweza kunyonya maji ya karai na kuyarudisha bombani. Maji uliyofulia nepi yatakwenda kwa jirani.

MAJI YA KWANZA SI YA KUNYWA

Maji ya kwanza baada ya bomba kunyamaza ndiyo machafu kuliko yote. Yameosha bomba lote. Yaache yatoke mpaka yawe meupe. Usiyapoteze: mwagilia miche au yatumie kukandia udongo.

Yakiwa meupe, bado usiyanywe hivi hivi. Vijidudu havionekani kwa macho. Kama yana ukungu, yachuje kwa kitambaa safi. Kisha yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, uyaache yatokote kwa dakika 1. Ukiishi mlimani sana, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, acha dakika 3. Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko.

Kama kuni ni haba, tumia jua. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ilaze juani kwa saa 6. Kama kuna mawingu mengi, iache siku 2.

Mtu akianza kuharisha, mpeleke zahanati bila kuchelewa. Mpe maji yenye chumvi na sukari tangu nyumbani na njiani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya sawa, visirundikwe.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Ili hewa isirudi, fanyeni haya. Wekeni valvu ya hewa kwenye kila kilele. Ijengeeni kisanduku cha saruji chenye kifuniko, na maji ya mvua yasituame ndani yake. Mkijenga kilula kipya, ulizeni kama kinaweza kujengwa kwenye kilele. Kila mtu akikifungua kuteka maji, atakuwa ametoa na hewa. Msiache tangi liishe. Kama maji ni haba, yatoeni kwa saa maalumu, lakini bakizeni maji juu ya mdomo wa bomba la kutokea. Tundu la tangi la kupitishia hewa lisizibwe. Lifunikwe kwa wavu, ili panya na wadudu wasiingie.

Yote haya yahitaji fedha. Mchango wa maji tunaotoa kila tunapoteka ndoo ndio unaonunua valvu hizo. Kwa hiyo toeni mchango, na kwenye mkutano wa kijiji ombeni kusomewa hesabu yake.

Ndugu msomaji, bomba ni mali yetu sote. Likikohoa, ndugu yangu, usishike msumari. Mwite fundi, mtafute mahali palipoinuka, na muipe hewa mlango wake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Bomba la kijiji chetu linapita vilele vingapi? Vingapi vina valvu ya hewa?

2. Tangi liko mita 15 juu kuliko kilula. Hewa imepoteza mita 6 kwenye kilima cha kwanza na mita 7 kwenye cha pili. Msukumo uliobaki ni mita ngapi?

3. Je, kuna mahali bomba letu limetobolewa na kuzibwa kwa kijiti au mpira? Nani atamwarifu fundi, na lini?

4. Maji yakikatika kesho, nyumba yako ina akiba ya siku ngapi?